Kalibu ya Meno: Dawa ya Karafuu au Mashine ya Picha?

Mkulima wa karafuu huijua mali yake mpaka mlango wa kituo cha kununulia. Huitia katika mizani, hupokea fedha zake, hukunja risiti akaitia mfukoni, na khabari za karafuu ile kwake zimekwisha. Iendako husikia kwa wenziwe tu: nyingine imekwenda kutiwa katika sigara za Indonesia, nyingine katika vyakula vya Bara Hindi, na makonyo yamepelekwa mtamboni yatolewe mafuta. Wachache wetu ndio wajuao kwamba sehemu ya mafuta yale huingia kinywani mwa mtu katika hali ya dawa laini kama uji mzito, hukaa humo dakika chache mpaka ikawa ngumu, kisha hutolewa ikiwa imechukua sura ya ufizi wake wote, kila mkunjo na kila kovu. Juu ya sura hiyo ndipo yanapotengenezwa meno ya bandia.

Kazi hiyo ya kuchukua sura ya kinywa ndiyo tutakayoizungumza hapa, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni hiyo ya karafuu. Ya pili ni kwamba imetokea mashine inayofanya kazi ile ile kwa picha, bila ya kumjaza mgonjwa kitu kinachonata. Wako wanaodhani kwamba kwa mashine hiyo njia ya zamani imekwisha kazi. Wako wengine wanaoiogopa mashine kwa kuwa ni mashine. Tena wako wazee, nao si wachache, ambao hawakuogopa kung'olewa jino, lakini wakikumbuka kile kisahani kilichojaa dawa kilivyowafika kooni, husema heri kunywa uji mpaka mwisho wa umri. Mzee wa namna hiyo huacha muhogo, huacha nyama, huacha hata mkate usiochovywa katika chai, na akiwa barazani huweka mkono mbele ya mdomo anapocheka. Hasara hiyo si ndogo, na aghalabu yatokana na dakika tano za hofu.

KALIBU NI NINI

Sonara hafanyi pete kwa kukisia. Ana kalibu yake, na fedha iliyoyeyushwa humiminwa humo ikatoka na umbo lililokusudiwa. Daktari wa meno naye ni vivyo hivyo. Huchukua kitu laini, hukikandamiza juu ya meno au ufizi, hungoja kishikane, kisha hukitoa. Palipokuwa na jino pana shimo, na palipokuwa na shimo pana kilima. Hiyo ndiyo kalibu. Fundi wa meno humimina plasta ndani yake, akapata sanamu ya kinywa cha mgonjwa mezani pake, na juu ya sanamu hiyo hufanya kazi yake ya siku nyingi bila ya mgonjwa kuwapo. Kalibu ikikosea kwa unene wa karatasi tu, meno hayo yatatonesha kidonda ufizini au yatacheza kila mtu anaposema. Mgonjwa hulaumu meno, fundi hulaumu mgonjwa, na kosa lilikuwa katika kalibu.

Kazi yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1756 Philipp Pfaff, daktari wa meno wa mfalme wa Prussia, alieleza katika kitabu chake jinsi ya kuchukua sura ya taya kwa nta iliyolainishwa na kumimina plasta ndani yake. Katika karne ya 19 ikaja desturi ya kutia plasta yenyewe kinywani. Plasta ikikauka haipindi, kwa hiyo mwenye meno ilimbidi daktari aivunje vipande vipande humo humo kinywani, avitoe kimoja kimoja, kisha aviunge tena mezani kama mtu anayeunga gudulia lililoanguka. Wagonjwa wa zama hizo walikuwa na subira kubwa. Mwaka 1856 Charles Stent wa London alitengeneza dawa yake mwenyewe, inayolainika kwa moto na kugandamana ikipoa. Jina la bwana huyo leo limekwenda mbali na meno, kwa maana vile vijibomba vinavyotiwa katika mishipa ya moyo huitwa stenti kwa sababu yake.

Baadaye ilitumika agari, itokayo katika mwani mwekundu, na nyingi yake ikitoka Japani. Vita Kuu ya Pili ilipoikata njia ya Japani, wataalamu wakatafuta badala, wakapata alginati, inayotolewa katika mwani wa rangi ya kahawia wa bahari za baridi. (Mabibi wa Paje na Jambiani watauliza kama ni mwani wao. La, wa kwao, uliokuja kulimwa kwa biashara tangu 1989, ni wa jamii nyingine, nao hutoa karajinani, ambayo huingia zaidi katika vyakula.) Alginati ni rahisi, na mpaka leo ndiyo inayotumika mahali pengi duniani kwa kalibu za kawaida.

KATIKA KITI

Tumtazame sasa mgonjwa mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye tunayemtaka hapa.

Alginati huja katika hali ya unga. Msaidizi huukoroga kwa maji katika bakuli la mpira, upesi upesi, mpaka uwe mzito kama bada, huupakia katika kisahani chenye mkono kilichopindwa kama kwato ya farasi, na daktari hukitia kinywani. Kwa taya la chini watu wengi hawaoni taabu. Taabu iko juu. Kisahani cha juu hufunika kaakaa lote, na dawa ikizidi hutambaa nyuma kuelekea kooni. Hapo koo hufanya kazi iliyoumbiwa, yaani kukataa kitu kigeni, na mgonjwa hutaka kutapika. Macho hutoa machozi, mate hutiririka, mtu hudhani kwamba hapumui. Kwa kweli anapumua, pua yake i wazi, ila hofu humsahaulisha kwamba ana pua. Alginati hushikana kwa dakika mbili hadi nne hivi. Ni kitambo kifupi kwa aliyesimama, na kirefu sana kwa aliyekaa.

Kwa jino la kufunikwa kofia au kwa daraja la meno hutumika dawa za namna ya mpira, kama silikoni na polietha. Hizo huchukua sura kwa usahihi mkubwa zaidi, lakini hukaa kinywani muda mrefu kuliko alginati, na polietha ina ladha chungu tena ni ngumu kuiondoa. Wako wagonjwa wanaodhani jino lao litatoka nayo.

Mwisho iko ile yetu, ya karafuu. Msingi wake ni yujinoli, ambayo ndiyo kiungo kikubwa cha mafuta ya karafuu: katika kila sehemu 100 za mafuta, 70 hadi 90 ni yujinoli. Yujinoli ikikutana na oksidi ya zinki, ambayo ni unga mweupe, vitu viwili hivyo hushikana na kuwa kitu kigumu. Waganga wa meno wameutumia mchanganyiko huo tangu karne ya 19 kuziba matundu kwa muda na kutuliza maumivu, na kwenye miaka ya 1930 wakaanza kuutumia kwa kalibu. Huja katika mirija miwili kama ya dawa ya mswaki, rangi mbalimbali. Daktari hukamua mistari miwili ya urefu mmoja, huichanganya kwa kisu bapa mpaka rangi mbili ziwe moja, na huipaka kwa wembamba katika kisahani kilichotengenezwa mahsusi kwa kinywa cha mgonjwa huyo. Kabla ya hapo humpaka mgonjwa vaselini midomoni, kwa maana dawa hii hunata kama utomvu wa fenesi.

Mwandishi wa makala haya amepata kukaa katika kiti hicho. Dawa ilipoingia, harufu iliyonijia ilikuwa ya jamvi la karafuu saa sita ya mchana, nami nikataka kucheka, jambo lisilowezekana katika hali ile. Kisha ukaja ule moto wake, kama mtu aliyetafuna karafuu mbichi akaiweka shavuni. Si maumivu, lakini haukusahauliki. Kwa kuwa dawa ni nyembamba na kisahani kimepimwa, haikutambaa kooni kama alginati. Daktari akaniambia nichezeshe midomo, nivute mashavu, nitoe ulimi, nimeze mate, nami nikafanya yote hayo kama mtoto mchanga, na dawa ikashikana.

Yafaa kusema kwamba dawa hii si ya kila kinywa. Ikishakuwa ngumu haipindi, kwa hiyo mwenye meno yake haimfai, itakwama katikati ya meno. Mwenye kinywa kikavu humgandama. Na wako watu ambao ngozi yao ya kinywani haipatani na yujinoli kabisa. Kwa ajili yao hufanywa dawa ya namna hiyo isiyokuwa na yujinoli. Sisi wakulima hatuna haja ya kuitetea karafuu mahali ambapo mgonjwa anaumia.

MASHINE YA PICHA

Aliyeanza kufikiri kwamba kalibu yaweza kuchukuliwa kwa mwanga ni Mfaransa, François Duret, aliyeandika juu ya jambo hilo katika tasnifu yake huko Lyon mwaka 1973. Wenziwe wengi waliona ni ndoto. Mwaka 1985, katika Chuo Kikuu cha Zürich, Uswisi, daktari Werner Mörmann na mhandisi Marco Brandestini walimtibu mgonjwa wa kwanza kwa mashine yao: picha ikachukuliwa kinywani, kompyuta ikapima, na mashine nyingine ikachonga kipande cha kauri cha kuzibia jino siku ile ile.

Skana ya leo ni fimbo ya unene wa tochi ndogo, yenye kioo na taa nchani. Daktari huipitisha juu ya meno polepole, kama mtu anayepaka rangi ukingo wa dirisha, nayo huchukua picha nyingi kwa kila nukta. Kompyuta huziunga picha hizo kwa kufananisha mahali zinapopandiana, na katika kioo chake sura ya kinywa hujitokeza kidogo kidogo. Mgonjwa naye aweza kutazama. Akitaka kumeza mate, daktari huondoa fimbo, mgonjwa humeza, kazi huendelea pale ilipokatika. Pakikosewa, hurudiwa pale tu palipokosewa. Kwa kisahani sivyo: kalibu ikitoka na tundu moja la hewa mahali pabaya, kazi yote hurudiwa tangu mwanzo, na mgonjwa aliyekwisha kuvumilia mara moja huambiwa avumilie mara ya pili. Kila aliyepatwa na hilo ajua kwamba mara ya pili ni ngumu zaidi.

Kisha sura hiyo hupelekwa kwa fundi kwa njia ya intaneti. Hakuna kalibu ya kufungwa katika kitambaa cha maji na kukimbizwa kwa fundi kabla haijanywea, kama inavyobidi kwa alginati. Kwa watu wa kisiwani, ambao mara nyingine fundi wao yuko ng'ambo ya bahari, jambo hilo si dogo.

Hayo ndiyo mazuri yake. Lakini fimbo ina kichwa, na kichwa hicho hufika mpaka magego ya mwisho, kikagonga ndani ya shavu na mfupa wa taya. Mwenye mdomo mdogo huchoka taya kwa kuachama. Mate mengi huharibu picha, damu huharibu picha, na mahali ambapo jino limechongwa chini ya ufizi, taa haipaoni mpaka ufizi usukumwe kando. Mashine nyingine za zamani zilitaka meno yapulizwe unga mweupe kwanza ndipo zione. Bei ya skana moja ni maelfu mengi ya dola, na anayeinunua lazima azirudishe fedha zake kwa wagonjwa. Wasomaji wetu hawahitaji kuelezwa biashara.

WAGONJWA WAMESEMAJE?

Watu wamechunguza jambo hili kwa kuwauliza wagonjwa wenyewe, na majibu yao yafaa kusikilizwa yote, si yale tu yanayowapendeza wauza mashine.

Huko Uturuki, uchunguzi uliotolewa mwaka 2014 uliwachukua watu 24 ambao hawakupata kuchukuliwa kalibu ya namna yo yote. Kila mmoja alifanyiwa kwanza ya polietha, na baada ya wiki mbili akafanyiwa ya picha. Kwa dawa, kazi yote ilichukua kama dakika 10. Kwa picha, dakika 4 na kidogo. Walipoulizwa, walipendelea picha: hakuna ladha mbaya, hakuna kichefuchefu, hakuna taabu ya kupumua. Mimi naona jambo moja la kuangaliwa hapo. Wote walianza na ile yenye taabu na kumalizia na ile nyepesi, na mtu aliyetoka juani hukisifu kila kivuli. Hata hivyo tofauti ya dakika si ya kukisia, ilipimwa kwa saa.

Mwaka ule ule Waholanzi waliwauliza watu 30 waliopandikizwa meno katika mfupa. Hao nao kwa jumla walipendelea picha, hasa kwa sababu ya ladha, lakini walilalamika kwamba kule kupigwa picha kwenyewe kulionekana kurefu. Na huko Minnesota, Marekani, pia mwaka 2014, wagonjwa 15 waliokuwa wakinyoshwa meno walifanyiwa alginati na picha. Kati yao 11 walisema wanapenda alginati! Sababu yao ni kwamba ilikuwa rahisi na ilikwisha upesi. Wanne waliopendelea mashine walisema ni ya starehe zaidi. Mashine iliyotumika hapo ilikuwa ya polepole kuliko za sasa. Miaka miwili baadaye, Uswisi, watoto na vijana 38 wa miaka 10 hadi 17 walijaribiwa kwa alginati na kwa skana za namna mbili. Wengi walipenda skana, na kichefuchefu kilikuwa kidogo kwa hizo, ingawa alginati ndiyo iliyomaliza kazi mapema.

Ukiyaweka majibu hayo pamoja, wagonjwa hawakuichagua mashine kwa upya wake. Wamechagua kitu kisichowafika kooni, kisicho na ladha mbaya, na kinachokwisha upesi. Mashine ikiwa ya polepole, huiacha wakarudi kwa mwani. Na mwenye koo jepesi hujali zaidi kuliko mwenye koo gumu. Kwake yeye picha yaweza kuwa ndiyo tofauti ya kutibiwa na kutotibiwa, na mtu wa namna hiyo akipata mahali penye skana kwa bei anayoiweza, asisite.

KINYWA KISICHO NA MENO

Angalieni lakini kwamba wote hao waliohojiwa ni watu wenye meno. Walionyoshwa meno wana meno, na hata waliopandikizwa wana vyuma vilivyosimama mahali pamoja. Mzee wetu wa uji hana hata moja, na kwake mambo hugeuka.

Kompyuta huunga picha kwa kutafuta alama: ncha ya chonge, bonde la gego, nafasi kati ya jino na jino. Ufizi mtupu hauna alama nyingi. Ni mlaini, unang'aa kwa mate, na huteleza kila mahali sawasawa, mfano wa mchanga wa pwani maji yanapotoka. Mashine hupotea humo kama nahodha asiyeona mnara. Tena shavu na mdomo havitulii. Na hili ndilo kubwa kuliko yote: meno yote ya juu hukaa kinywani kwa kunyonya, yaani ukingo wake ukikutana na ufizi sawasawa, hewa haipiti, nayo hushika. Ukingo huo hauwezi kujulikana kwa kutazama tu. Lazima upatikane mgonjwa akichezesha midomo na ulimi, misuli ikiisukuma dawa mpaka mahali pake hasa. Dawa husukumwa ikakubali. Mwanga hausukumwi.

Kwa sababu hiyo, katika kliniki nyingi zenye mashine nzuri, mzee asiye na meno bado huchukuliwa kalibu ya mwisho kwa kisahani na dawa, nayo mara nyingi ni ile ya karafuu, kwa kuwa ni nyembamba, haifinyi ufizi, husema kweli juu ya kila mkunjo, na haibadiliki ikitoka. Madaktari wengine hufanya jambo la busara: huchukua kalibu kwa dawa, kisha huipiga picha kalibu yenyewe kwa skana, na kazi iliyobaki hufanywa na kompyuta. Mashine nazo zinaendelea kufundishwa, na wako madaktari ambao sasa huwapiga picha hata wasio na meno na kuchapisha meno kwa mashine. Aliyefanyiwa hivyo akayapata yanayokaa vizuri, hana haja ya kurudi kwenye kisahani. Ila mzee akiambiwa kwamba kwake yeye kisahani ndicho kitakachofaa, asidhani kwamba amefanywa maskini akapewa cha zamani.

Je, siku mashine itakapoweza yote, karafuu itapata hasara? Dawa ya kalibu ni tone katika pipa. Yujinoli ina kazi katika manukato, katika vyakula, na hata kwa daktari wa meno huyo huyo hutumika kwa kuziba kwa muda na kushikizia kofia za meno za muda. Bei ya karafuu haitaanguka kwa sababu ya skana. Ina maadui wengine, tunaowajua.

KABLA YA KWENDA

Sasa yale ya kufanya, hasa kwa mtu wa shamba la karafuu.

La kwanza ni onyo. Desturi yetu jino likiuma ni kutia mafuta ya karafuu, na siku ya kwenda hospitali mtu hutia zaidi ili asiumie njiani. Mafuta matupu huunguza ufizi, ukatoka weupe na malengelenge, na ufizi ulioungua haufai kuchukuliwa kalibu siku hiyo. Tena yujinoli huzizuia dawa nyingine za meno zisishikane vyema, hasa zile za kuziba za rangi ya jino. Basi ukiwa umetia, mwambie daktari kabla hajaanza. Hatakucheka, na itampunguzia kutafuta kosa lisilo lake.

Mwenye meno ya bandia ya zamani anayekwenda kuchukuliwa kalibu ya mapya, ayaache nje ya kinywa tangu siku moja kabla, au kama daktari alivyomwambia. Meno yaliyolegea huubonyeza ufizi ukapotoka, nao huhitaji muda kurudi katika umbo lake. Kalibu ikichukuliwa juu ya ufizi uliobonyea, mapya yatafuata ubaya wa ya kale. Jambo hili wengi hawalifanyi, kwa haya ya kupanda daladala bila ya meno. Heri haya ya siku moja.

Mwenye koo jepesi aseme mapema, asingoje kisahani kiingie. Usile ukashiba sana kabla. Omba ukae wima, si kulala. Dawa ikishaingia, inamisha kichwa mbele kidogo ili itambae mbele na si nyuma, mate yaache yatoke, utapewa kitambaa, na vuta pumzi kwa pua, polepole, ukizihesabu. Madaktari wengine humwambia mgonjwa ainue mguu mmoja na kuushikilia hewani, na ajabu ni kwamba husaidia, kwa kuwa fikira huhamia mguuni. Wengine huweka punje za chumvi kwenye ncha ya ulimi. Na mwombe daktari aanze na taya la chini, ili ukifika juu uwe umekwisha kuzoea.

Ukipewa nafasi ya kuchagua kati ya dawa na picha, muulize daktari mambo matatu kwa heshima: kwa kazi yangu hii, ipi itatoa meno yatakayokaa? Bei zinatofautiana kwa kiasi gani? Na ikikosewa, nani atalipa marudio? Swali la tatu watu huliona haya, lakini hata karafuu zetu hatuzitoi bila ya kuona mizani.

Liko na la nne kwa watakaopigwa picha. Sanamu ya plasta hukaa rafuni, ikivunjika au ikitupwa imekwenda. Sura ya kompyuta yaweza kuhifadhiwa, na meno yaliyotengenezwa kwayo yakipotea au yakianguka sakafuni yakavunjika, fundi aweza kutengeneza mengine bila ya mgonjwa kurudi katika kiti, maadamu muda si mrefu na ufizi haujabadilika. Uliza sura yako inahifadhiwa na nani, daktari au fundi, na kwa muda gani, na jibu lake uliandike nyuma ya kadi yako ya hospitali.